Tunakwenda Kula Uyoga

Siku hizi nachoka mapema. Nikishafagia ua na kuosha vyombo vya asubuhi, mgongo unaniambia kaa, nami nakaa. Juzi nilikuwa nimekaa hivyo hapa kwangu Muheza, kwenye kigoda cha jikoni, binti wa jirani akaniletea uyoga. Anaulima mwenyewe kwenye mifuko ya nailoni aliyoijaza pumba, katika kibanda cha giza nyuma ya nyumba yao. "Bibi, onja mradi wangu," akasema. Nikamshukuru, nikauchambua, nikaukaanga kwa kitunguu. Ulikuwa mtamu, sitausema vibaya. Lakini haukuwa na harufu ya udongo, wala ya majani yaliyoozeshwa na mvua, na nilipokuwa nakoroga nikajikuta nanusanusa ule mvuke kama mtu aliyepoteza kitu. Nikaepua. Nikakaa tena. Chakula kikapoa mbele yangu, nami niko mbali, juu milimani, meno yangu ya mbele yameng'oka na sweta la mjomba linanifika magotini.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Sisi tulioimba mstarini kabla ya kwenda kulima shamba la shule, tuliotumwa duka la ushirika tukarudi na chupa tupu kwa sababu mafuta ya taa hayajaja, tulikulia katika mambo makubwa tusiyoyaelewa. Watu wazima walikuwa wanahama, wanajenga, wanakaa mikutano mpaka jua linazama. Sisi tulikuwa tunaona miguu yao tu ikipita.

Baba yangu alikuwa Msambaa kama mama, lakini alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba yenye wanaume wengi na kishamba kimoja kilichoning'inia mlimani kama nguo kwenye kamba. Fungu lake lingekuwa la kusimama tu, si la kulima. Kwa hiyo ilipokuja habari ya vijiji vya ujamaa huko chini nyikani, kwenye ardhi tambarare ambako kila kaya ingepewa eneo lake na trekta lingekuja kulima shamba la wote, baba hakusubiri kusukumwa na mtu. Alikwenda kwa miguu yake. Akarudi mlimani akawashawishi na wengine, jamaa na majirani, wakafunga mizigo wakamfuata. Huko chini wakamfanya balozi wa nyumba kumi. Sijawahi tena kuona mtu anayeamini jambo kama baba alivyoliamini lile. Alikuwa akisimama uani jioni, mikono kiunoni, anatazama vumbi na vichaka vya miiba kama mtu anayetazama shamba lililokwisha kukomaa.

Nyika ilikuwa na joto ambalo watu wa mlimani hatukulizoea. Maji yalikuwa ya bwawa, tukiyachota pamoja na ng'ombe. Mbu walituimbia tangu magharibi. Nilikuwa na mdogo wangu, Rajabu, aliyekuwa ameanza kutembea kwa kujishikilia kwenye nguo zetu. Homa ikamshika. Ilipozidi, baba akamfunga mgongoni kwa khanga ya mama, akaanza safari ya kwenda zahanati, ambayo ilikuwa mbali. Aliondoka naye mgongoni, akarudi naye kifuani.

Baada ya hapo nyumba yetu ilinyamaza. Mama alikuwa anaamka, anakwenda bwawani, anarudi, anakwenda shamba la kijiji, anarudi, anapika, anatupakulia. Hakulia mbele yetu. Alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani hata pale asipobeba kitu, shingo imekaza, macho mbele. Kaburi la Rajabu lilikuwa kando ya njia ya bwawani, na mama alipita hapo kila alipokwenda kuteka maji. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona lakini sikulielewa: aliacha kumwita baba. Zamani alikuwa akimwita Baba Rajabu. Sasa akitaka kumwambia kitu, anakuja mpaka alipo, anasimama mbele yake, ndipo anasema. Mimi nikadhani wamegombana.

Kutoka pale kijijini milima ilionekana kama ukuta wa buluu. Asubuhi moja mama alisimama mlangoni na ungo mkononi, akaitazama. Mawingu yalikuwa yameikalia yote, meusi chini na meupe juu. Kwetu chini hapakuwa na hata tone.

"Huko uyoga umeshaota," akasema, kama anayejisemea.

Jioni akamfuata baba pale alipokuwa akinoa jembe. "Naomba ruhusa," akasema. "Nimpeleke huyu kwa mama. Tukale uyoga."

Baba akaacha kunoa. "Uyoga tu?"

"Uyoga tu."

"Mtarudi lini?"

"Ukiisha."

Baba akamtazama kwa muda, halafu akanitazama mimi. "Haya. Nendeni mkale uyoga," akasema, akaendelea kunoa jembe lile lile upande ule ule, ingawa lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Mimi nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Nilidhani tunakwenda kwenye karamu. Katika akili yangu kulikuwa na ngoma, na watu wengi wamekaa mkekani, na katikati ya mkeka kuna sinia la uyoga kubwa kama tairi. Nikawaambia watoto wenzangu wote. Hakuna aliyenifahamisha vingine.

Tulipanda basi Mombo. Wanaoijua barabara ile wanajua jinsi inavyojiviringisha, mto upande mmoja na jabali upande mwingine, na jinsi baridi inavyoanza kuingia dirishani kidogo kidogo, kwanza kwenye vidole, halafu masikioni. Nilimwona mama akiinua uso wake, anafumba macho, anavuta ile hewa. Nikavuta na mimi. Lushoto tulishuka, tukaanza kutembea, tunapanda, tunateremka, tunapanda tena, katikati ya mashamba ya maharage yaliyolala ubavuni mwa mlima, mpaka tukafika kwa bibi, ukingoni mwa msitu, ambako moshi wa jikoni na ukungu vilikuwa kitu kimoja.

Bibi alikuwa mfupi, mikono yake migumu kama mpini. Alimsalimia mama kwa Kishambaa, "Onga mshi," na salamu zile zikaendelea kwa muda mrefu, habari juu ya habari, bila mtu kulitaja jina la Rajabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya mume? Na meno umeyaacha wapi?"

"Shikamoo bibi. Yameng'oka."

"Marahaba. Basi ni vizuri umekuja wakati wa uyoga. Uyoga hautaki meno."

Nikatazama huku na huku. "Bibi, watu wengine wa karamu wako wapi?"

Bibi akamtazama mama. Mama akatazama chini. "Tumetosha," bibi akasema. "Karamu ni sisi."

Tulikwenda msituni kesho yake asubuhi, bibi mbele, mama, mimi, na nyuma yetu Mjomba Salehe, mdogo wake mama, kijana mcheshi aliyebeba panga na kikapu. Msitu ulikuwa unadondoka maji. Mbega walikuwa wakiruka juu ya miti, mikia yao myeupe ikining'inia, na chini palikuwa na ukimya laini, mguu hausikiki kwa sababu ya majani yaliyooza. Bibi alinifundisha kutafuta kwa kuchutama. Ukisimama, alisema, unaona miti. Ukichutama unaona uyoga. Kulikuwa na ule unaoota kwenye magogo, mwembamba na laini kama sikio la mtoto. Kulikuwa na mweupe wa kwenye vichuguu, kule mashambani nje ya msitu, ambao shina lake linazama ndani sana kana kwamba kuna mtu chini ameushika. Na kulikuwa na mwingine mzuri kuliko yote, mwekundu wenye madoadoa, na huo bibi aliupita bila hata kuutazama. Nikaukimbilia. Akanishika kwapa akanirudisha.

"Mimi nala ule nilioonyeshwa na mama yangu," akasema. "Huo hatukuonyeshana. Kwa hiyo hatujuani."

Kikapu kilipofika nusu, mama akaketi juu ya gogo la mkulo lililoanguka. Alikaa kama mzigo uliotuliwa. Bibi akasimama mbele yake, akingoja.

"Mama," mama akasema, "mimi sishuki tena."

Nikaitazama njia tuliyopandia. Kweli ilikuwa mbaya, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na mama alikuwa amevaa kandambili. Nikamwendea, nikampa mkono wangu.

"Usiogope mama. Nitakushika. Tutashuka polepole."

Bibi akageuza uso upande wa pili, mabega yakamtikisika. Nilidhani ananicheka, na nikaona vibaya.

Uyoga tuliula kila siku. Bibi alikuwa anaupuliza mchanga utoke, anaupangusa kwa kitambaa kibichi, anauchana kwa vidole, kwa sababu alisema kisu kinaufanya uwe mchungu. Chungu kinawekwa samli kidogo, kitunguu, kisha uyoga, na mara moja unatoa maji yake wenyewe, meusi, yenye harufu ya nyama na ya mvua kwa pamoja. Chumvi inakuja mwishoni. Tulikula na ndizi za kuchemsha, siku nyingine na ugali. Tulikaa kulizunguka jiko, migongo baridi na nyuso za moto, na Mjomba Salehe akisimulia habari za watu wa sokoni Mlalo mpaka bibi anamwambia anyamaze tule. Mama alikuwa anakula kidogo. Halafu anakwenda kukaa barazani, khanga mabegani, anatazama mvua. Anaweza kukaa hapo tangu chakula cha mchana hadi kuku wanaingia bandani. Hakuna aliyempa kazi. Nilipotaka kumwita acheze na mimi, bibi alinivuta ndani. "Mwache apumzike. Amechoka mpaka mifupani."

Nikajua basi kwamba mama ni mgonjwa wa kuchoka, na kwamba uyoga ni dawa yake.

Ndiyo maana niliposikia siku moja bibi akimwambia jirani, "Tungoje. Uyoga ukiisha ndiyo tutajua," niliogopa. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Kikapu kilikuwa kinarudi na nafasi. Dawa ikiisha mama hajapona, itakuwaje? Nikaanza kufanya kazi yangu mwenyewe. Tulipokuwa msituni, nikiona uyoga mchanga, ule ambao kichwa bado kimefunga kama ngumi, sikuung'oa wala sikumwita mtu. Niliufunika kwa majani, nikaupigapiga juu taratibu kama unavyomlaza mtoto, nikasema, "Ngoja kwanza." Niliufunika mwingi. Nilikuwa na hakika kwamba ni mimi ninayeshikilia msimu usiondoke.

Baba alikuja alasiri moja yenye jua hafifu. Nilimwona kwanza kwa mbali, akipanda kwa kuinama, vumbi la nyika bado liko miguuni mwake juu ya makatambuga, jekundu-jeupe tofauti na tope letu. Nikakimbia.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mama," akasema, kwa sababu nimepewa jina la mama yake na siku zote aliniita hivyo. Akanibeba ingawa alikuwa anahema. Mama alikuwa barazani. Alisimama. Wakasalimiana kwa kupeana mikono, kama watu waliokutana msibani.

"Uyoga haujaisha tu?" baba akasema, akacheka kidogo. Kile kicheko hakikufika popote.

"Haujaisha," mama akajibu, akaingia ndani.

Sasa kwa desturi ya kwa bibi, mkwe wa kiume hali chakula pamoja na mama mkwe wake, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Kwa hiyo jioni ile baba alikula barazani na Mjomba Salehe, na sisi wanawake tukala jikoni, na ukuta wa udongo ukawa katikati. Kila neno lilisikika upande wa pili. Lakini heshima ni heshima, na bibi alinitumia mimi.

"Mke mwenzangu," akasema kwa sauti kubwa, "mwulize baba yako, huko nyikani mvua imenyesha?"

Nikatoka mpaka mlangoni. "Baba, bibi anauliza mvua imenyesha?"

"Mwambie bibi imenyesha kidogo. Mahindi yamesimama, yanasubiri."

Nikarudi. "Bibi, mahindi yamesimama."

"Mwulize, trekta limekuja?"

Nikatoka. Baba alikuwa ameshika tonge halijafika mdomoni. "Mwambie halijaja. Lakini tumeahidiwa."

"Mwulize," bibi akasema, na sauti yake ikashuka, "amekuja kusalimia, au amekuja kuchukua?"

Nilipomfikishia, baba alirudisha tonge kwenye sahani. Mjomba Salehe akatazama mbali, gizani mwa migomba. "Mwambie bibi nimekuja kusalimia," baba akasema polepole. "Na nikipewa cha kuchukua, nitashukuru."

Nikarudi mbio. "Bibi, baba anaomba afungiwe uyoga wa kuchukua."

Mjomba alipaliwa huko nje. Jikoni hakuna aliyecheka. Mama aliweka sahani yake chini, akafuta vidole kwenye khanga, na kwa mara ya kwanza tangu Rajabu atutoke nikamsikia akimwita baba. Alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, kupitia ukutani.

"Athumani. Mimi sishuki."

Niliposikia neno lile la msituni, nikaanza kushuku kwamba huenda si njia ya kuteleza iliyokuwa inasemwa siku ile.

"Nimesikia," baba akasema. Kisha: "Kesho twende wote msituni. Nina hamu ya kuokota."

Tulikwenda watatu, bibi alikataa kuja. Baba naye alikuwa mtoto wa mlimani, na ilikuwa ajabu kwangu kumwona akichutama na kuokota kwa wepesi, akipuliza udongo, akiweka kikapuni bila kuvunja. Kwa muda wakawa wanaonyeshana, pale, na pale, ule usiache, na sauti zao zikawa kama za zamani. Halafu wakaketi kwenye lile gogo. Mimi nilikuwa karibu, nikikagua uyoga wangu nilioufunika.

"Nimelizungushia miiba," baba akasema.

"Nini?"

"Kwa Rajabu. Mbuzi walianza kukanyaga."

Mama akabandua gamba la gogo kwa kucha.

"Nimepanda na mwarobaini upande wa kichwani. Umeshika. Nakwenda kuumwagilia nikitoka shamba."

"Kwa maji ya bwawani?"

"Yapi mengine?"

"Unayabeba wewe mwenyewe?" mama akauliza. Kwetu mwanaume hakubeba ndoo ya maji, watu wangemcheka.

"Nani mwingine yuko?" baba akasema.

Hapo mama akalia. Sikuwahi kumsikia, nikaogopa, maana ilikuwa sauti nzito kama ya mtu anayeinua kitu. Baba hakumgusa. Alikaa akishika goti lake mwenyewe. Mama alipopata pumzi akasema, "Rudi huku. Salehe atatupa pa kulima. Hata kama ni padogo."

"Wale watu niliwapeleka mimi. Niliwaambia uzeni, twendeni. Nikiwaacha na kiangazi hiki nitawatazamaje?"

"Na mimi?"

Baba akakisogeza kikapu. Kisha akasema, "Si wao tu. Yule mtoto nimwache na nani?"

"Mimi kila nikienda kuteka maji ninamkuta pale," mama akasema. "Kila siku. Nitakufa, Athumani."

"Najua. Lakini mimi nisipopita pale jioni, silali."

Nilikuwa nimesikiliza kwa makini, na nikaona kwamba shida ni ndogo na watu wazima wameshindwa kuitatua. Nikasimama mbele yao. "Baba," nikasema, "si wachinjwe tu hao mbuzi?"

Walinitazama wote wawili. Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama, na alipojiinua alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama akanivuta akanipakata, mkubwa vile, kidevu chake juu ya kichwa changu. Tukakaa hivyo watatu mpaka ukungu ukaja ukatufunika, na kikapu kikaloa.

Sikujua kwamba nilikuwa nimekaa katikati ya ndoa inayogawanywa. Haikuvunjika, hakuna talaka iliyotolewa wala kuombwa. Waligawana tu mahali. Mama akabaki mlimani nami nikabaki naye, nikaandikishwa shule huko. Baba akawa anapanda kila mvua zinapoleta uyoga, anakaa, anakula, anarudi. Wadogo zangu wawili waliofuata walizaliwa kwa bibi. Watu walisema mengi, kama kawaida yao. Walisema mama anajivuna, amekataa kijiji. Wakamwambia baba aoe mwanamke atakayemtekea maji, naye akawajibu kwamba maji anajua kuteka. Miaka ikapita, trekta likaja likaharibika, wengi wa wale aliowapeleka wakarudi zao mlimani mmoja mmoja bila kumuaga, yeye akabaki. Alizikwa huko huko, ndani ya ule uzio wa miiba, kama alivyousia. Tulishuka sisi watoto. Mama hakushuka. Alitufungia chakula cha njiani, akakaa barazani, na wapo ndugu wa baba ambao hawajamsamehe mpaka leo.

Nami kwa miaka mingi sikumsamehe. Nilipokuwa msichana, nimejaa hasira za usichana, nilisema kwamba mwanamke anayempenda mume wake angeshuka. Sasa nimezika na mimi, nimeuguza na mimi, na ile hasira sina nguvu ya kuibeba. Siku hizi likija jina la mama kwenye mazungumzo, mimi nakumbuka siku baba alipoondoka ile mara ya kwanza.

Aliondoka asubuhi. Bibi alikuwa ameukausha uyoga juu ya jiko, ukawa mwembamba na mkakamavu, akaufunga katika jani la mgomba lililobabuliwa, akanipa mimi nimpelekee. Baba akashukuru kupitia kwangu. Mama akajifunga khanga ya pili, akasema atamsindikiza kidogo. Kwa desturi, kidogo ni mpaka mwisho wa migomba, au ikizidi sana mpaka kijito, ndipo mnaagana. Nikataka kwenda nao, bibi akanishika mkono.

Wakateremka, baba mbele na mama nyuma. Wakaufikia mwisho wa migomba, wakapita. Wakavuka kijito. Tukawaona tena wakipanda upande wa pili, wadogo, khanga ya mama nyekundu kwenye kijani, kisha wakaingia nyuma ya mlima.

Mchana mama hakurudi. Mvua ikanyesha. Bibi alikuwa akitoka mlangoni, anatazama, anarudi. Mjomba Salehe akasema labda ameshuka naye, labda amebadili mawazo. "Kama ameshuka ameshuka," bibi akasema, lakini hakuweka chungu jikoni. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nimejikunyata ndani ya sweta la mjomba, sijui nitamani nini. Nikitamani arudi, nilikuwa namwacha baba peke yake na zile ndoo. Nikitamani asirudi, nilikuwa najiacha mimi.

Alitokea wakati kuku wameshaingia bandani. Alikuja polepole, khanga imemgandia mwilini, kandambili ziko mkononi, tope limempanda mpaka juu ya magoti. Alifika barazani akashika nguzo.

"Ulifika naye wapi?" bibi akamwuliza.

"Mbali," mama akasema. "Tulishika barabara ya Mombo. Tukateremka, tukateremka. Mpaka pale hewa inapoanza kuwa ya joto." Akavuta pumzi. "Nilitaka, mama. Wallahi nilitaka. Lile joto liliponipiga usoni, mguu ukakataa."

"Yeye akasemaje?"

"Alisema nirudi kabla mvua haijazidi. Alisimama akinitazama nikipanda. Kila nikigeuka, yupo."

Bibi alimkalisha kwenye kigoda karibu na moto, akachota maji ya uvuguvugu kwenye karai, akapiga magoti, yeye mzee, akaanza kumwosha miguu, tope la ugokoni kwanza, kisha katikati ya vidole, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto mdogo aliyetoka kucheza. Na mama, ambaye hakuwahi kukubali kuhudumiwa na mtu mzima kuliko yeye, alimwachia miguu yote miwili.